Fumbo la Boti ya Saa Tatu na Nusu

Shangazi yake Daktari haendi taarabuni kusikiliza, huenda kujibu. Kwake yeye, mwimbaji ameajiriwa kufikisha yale ambayo mwenyewe hawezi kuyatamka mtaani bila kuitwa kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na noti anayotunzwa mwimbaji ni namna ya kutia sahihi chini ya ubeti. Ukitunza ubeti wa kwanza, unasema lako kwa mtu fulani. Ukitunza wa tatu, unasema jingine, pengine kwa mtu mwingine. Mambo haya nayajua sasa. Februari ile nilipovuka bahari kwenda Unguja nilijua tu kwamba taarabu ni muziki mtamu wa harusini, na kwamba anayependezwa humpa mwimbaji pesa kisha akarudi kukaa.

Tulikuwa watatu, tuliosoma pamoja Morogoro: Daktari, ambaye ni daktari wa mifugo na ambaye jina hilo limemkaa kiasi kwamba hata mkewe hamwiti jingine, Mwalimu, anayefundisha Kiswahili na historia katika shule ya sekondari na asiyeweza kupita mbele ya ukuta mkongwe bila kuueleza, na mimi, mpima ardhi, ambaye kazi yangu imenizoesha kuamini kwamba ugomvi wote wa majirani huanzia kwenye mpaka. Mwaliko ulikuwa wa Daktari. Shangazi yake anaishi Michenzani, katika yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, naye alikuwa amesema kwamba vijana hao waje walale kwake, wale vizuri, na Jumamosi usiku wamsindikize Ngome Kongwe kwenye tamasha kwa sababu magoti yake hayamruhusu tena kwenda peke yake. Sehemu ile ya magoti tuliipita haraka, tukidhani ni maelezo tu.

Tulivuka Ijumaa alasiri. Boti huchukua takriban saa mbili kutoka Dar es Salaam, na Daktari, ambaye huingiza mkono wake wote ndani ya ng'ombe bila kukunja uso, alizitumia zote mbili akiwa ameinamia mfuko. Mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi ya Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi, kwa kuwa Jumatatu alfajiri nilitakiwa niwe Kilosa na vyombo vyangu vya kupimia. Nyuma ya tiketi ile paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba ikipotea haitatolewa nyingine. Kwa sababu hiyo niliikunja kwa uangalifu ndani ya noti ya shilingi elfu tano niliyoitenga kwa ajili ya usafiri wa kutoka bandarini, nikaitia katika mfuko wa shati upande wa moyo, ambako mwizi angelazimika kunikumbatia kwanza. Ulikuwa mpango mzuri, na mpaka leo nautetea.

Mchana wa Jumamosi haukuwa na jambo. Tulikula urojo Darajani, tukapotea katika vichochoro vya Mji Mkongwe, tukanywa kahawa barazani, tukapotea tena.

Jioni ndipo mambo yalipoanza kuchukua sura. Shangazi alijifungia chumbani na chetezo cha udi kwa muda ambao ungetosha kupika biriani, na alipotoka, harufu ilitangulia sebuleni ikatukuta sisi watatu tumekaa, ikatufanya tusimame. Alivaa buibui jipya juu ya gauni ambalo hakuna aliyetarajiwa kuliona. Alifungua mkoba wake mbele yetu akahesabu noti za elfu moja, mpya kabisa, zilizonyooka, ambazo Daktari alininong'oneza kwamba huwa anakwenda kuziomba benki siku chache kabla ya taarabu yoyote. Nikauliza kwa nini zisiwe noti za kawaida. Daktari alinitazama kwa huruma, kisha akasema kwamba yeye na Mwalimu watatembea kwa miguu, na kwamba mimi, kama mgeni, nipande gari na Shangazi. Nilimshukuru. Sasa naona alikuwa akikimbia, kwa kuwa utoto wake wote alikuwa ameutumia katika kazi ambayo mimi nilikuwa nakaribia kuajiriwa bila kujua.

Mlangoni tulimkuta jirani wa ghorofa hiyo hiyo, mama wa makamo ya Shangazi, naye amefukizwa udi, naye ana mkoba. Nitamwita Bi Jirani. Aliuliza kwa adabu kama kuna nafasi garini, Shangazi akamjibu kwamba hilo si la kuuliza, na njia nzima walikaa nyuma wakizungumza juu ya bei ya samaki aina ya changu na juu ya mtoto wa fulani aliyefaulu mtihani. Tulipofika, Bi Jirani aliwahi kumlipa dereva, Shangazi akamgombeza kwa upole kwamba mbona anamfanya mgeni. Nimekaa na majirani wengi katika kazi yangu ya kupima viwanja, na nilijiambia moyoni kwamba sijapata kuona ujirani mwema kama ule.

Kwenye foleni ya kufungwa mikanda ya mkononi tuliungana na wenzetu, na Mwalimu alikuwa ameshaanza. Alitueleza kwamba ngome ile ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na kwamba kuna wakati ilifanywa jela. Akaingia katika historia ya tamasha lenyewe, Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo limekuwa likirudi kila Februari ukiuondoa mwaka 2016, lilipokwamishwa na ukosefu wa fedha. Na alikuwa amefika kwenye habari za Bi Kidude, mwimbaji maarufu wa taarabu aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuimba katika jukwaa hilo kwenye umri ambao wenzake walikuwa wakiinuliwa kitini, pale Shangazi alipomkatiza. "Mwalimu, Bi Kidude sisi tulikuwa tunamwona njiani anapita. Sogea, foleni inakwenda."

Kikundi cha taarabu kilichopanda usiku ule sitakitaja, kwa kuwa hakikuhusika na lolote isipokuwa kupiga muziki vizuri. Kilianza kwa bashraf, ule muziki usio na maneno ambao kwa desturi hufungua taarabu na kuwapa watu nafasi ya kutafuta viti. Fidla zilikuwa upande mmoja, akodiani na udi, ule wa nyuzi, upande mwingine, ngoma ya dumbaki nyuma, na katikati alikaa mzee mwembamba mwenye miwani, kanuni, ile ala bapa ya nyuzi nyingi, ikiwa mapajani, vidole vyake vya shahada vimevishwa zile pete za kupigia. Alizipitia nyuzi zile zinazozidi sabini bila kuziangalia hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwetu, akitutazama mmoja mmoja kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba maonyesho mengine yako upande wa watazamaji.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mapenzi. Shangazi aliusikiliza mikono imekunjwa, kwa sababu haukumhusu. Wa pili ulipoanza, alijiweka sawa kitini, akafungua mkoba, akatoa noti moja, akainama kwangu.

"Mwanangu, magoti yangu leo hayanisikii. Utanipelekea tunzo?"

Nilimwambia kwamba ni heshima kwangu, na nikaanza kuinuka. Alinivuta shati.

"Bado. Nikikugusa bega ndipo uende. Na usipite huku kushoto, kuna nyaya. Pitia pale mbele, kulia, polepole, mkono juu watu waione."

Nilitazama upande wa kushoto, sikuona nyaya. Upande wa kulia, mstari wa mbele, alikuwa amekaa Bi Jirani. Sikuunganisha mambo hayo mawili.

Hapa inafaa nieleze maana ya wimbo, ingawa mimi mwenyewe sikuielewa mpaka ilipokuwa haina faida tena. Ulikuwa ni malalamiko ya mtu mwenye jirani asiyeridhika. Ubeti wa kwanza ulisema nimekupa kivuli. Wa pili ulisema nimekupa na maji. Wa tatu ulimwambia huyo jirani kwamba, ikiwa kivuli na maji havimtoshi, asisubiri kusukumwa, maana njia ya pwani i wazi. Mwimbaji, mwanamke mnene mwenye gauni la kijani na sauti iliyotoka kifuani bila haraka, aliuvuta ule mwisho wa ubeti, na fidla zikamfuata, na hapo hapo nikaguswa bega.

Niliinuka. Nilikuwa nimekwisha kuchukua hatua kadhaa, mkono juu, nilipoona kwamba nyuma yangu wapo wageni wa Ulaya wenye kamera na kwamba mimi, mwanamume mzima mwenye shahada, nilikuwa nakwenda jukwaani na noti ya shilingi elfu moja. Nikaona aibu. Nilitia mkono wa pili mfukoni, nikachomoa ile noti ya elfu tano, nikaishika pamoja na ya Shangazi, nikapita mbele ya Bi Jirani polepole kama nilivyoagizwa, nikimwinamia kidogo kwa adabu, na hata, Mungu anisamehe, nikamtabasamia. Kisha nikapanda ngazi na kumkabidhi mwimbaji zote mbili.

Mwimbaji wa taarabu aliyezoea kazi yake hupokea noti bila kukatiza neno, na huyu alikuwa amezoea. Lakini noti iliyokunjwa kwa mikunjo minne hakuwa ameizoea, kwa hiyo aliifungua kwa kidole gumba huku akiimba, na ndani yake akakuta tiketi. Alinyamaza kwa mapigo mawili hivi. Aliisoma. Nilimwona akifika kwenye neno Dar es Salaam. Akanitazama mimi, akatazama njia niliyopita, macho yake yakatua kwa Bi Jirani, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha ya msanii aliyeletewa kitu ambacho hajawahi kuletewa. Aliinyanyua tiketi ile juu, kwenye taa, akaigeuza kushoto na kulia ili kila mtu aione kwamba ni ya boti, na akaurudia ubeti: njia ya pwani i wazi.

Ngome ile imepigiwa mizinga, nadhani, lakini sidhani kama imewahi kupigiwa vigelegele vya aina ile. Kina mama walisimama. Mtu mmoja nyuma alilia "Na nauli kalipiwa!" na hapo hata waliokuwa hawajaelewa wakaelewa. Mzee wa kanuni aliinamisha kichwa juu ya nyuzi zake, mabega yakitikisika. Mimi nilishuka ngazi nikiwapungia watu mkono, kwa kuwa nilidhani Wazanzibari huwashangilia wageni wanaotunza vizuri.

Nilimkuta Shangazi anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alinishika mikono yote miwili. "Nimekwenda taarabu tangu kabla hujazaliwa," aliniambia, "na mama yangu alikuwa chama cha Nuru el-Uyuni, na mama wa huyo alikuwa Sahib el-Ari, na hao walikuwa wanawake wanaojua kusemana. Wallahi, sijaona. Nani kakufundisha?"

Ndipo Mwalimu, aliyekuwa akirekodi yote hayo kwa simu, alipoketi karibu yangu na kuniambia, kwa sauti ile ile anayotumia darasani, kwamba kabla ya Mapinduzi vyama vya taarabu vya wanawake wa mjini vilishindana kwa mafumbo ya nyimbo, mavazi na tunzo, na kwamba kwa kadiri anavyoweza kuchambua, mimi nilikuwa nimemwambia yule mama wa mstari wa mbele, hadharani, mbele ya taa na kamera, ahame kisiwa. Chanzo, aliongeza Daktari aliyetokea ghafla na juisi ya miwa, kilikuwa bakuli la kaure la kupakulia pilau ambalo Bi Jirani aliliazima siku ya Maulidi, miaka mingi iliyopita, likarudi na ufa ambao unaonekana na Shangazi peke yake. Mpaka haukutajwa popote.

Nilishika mfuko wa shati. Sitaeleza nilichohisi, kwa kuwa kila aliyewahi kushika mfuko wa namna hiyo anakijua.

Ugumu wa kurudishiwa kitu jukwaani ni kwamba huwezi kupanda mkono mtupu. Anayepanda hutunza, na asiyetunza hushushwa na vijana wa usalama. Kwa hiyo nilichukua noti ya elfu mbili kutoka mfuko wa nyuma, nikasubiri kipande ambacho kilionekana hakina hatari, yaani kanuni ilipokuwa ikipiga peke yake, nikapanda. Bahati mbaya mwimbaji alikuwa akisubiri kipande hicho kiishe ili aurudie ule ubeti wa tatu. Nilimsogelea sikioni na kumwambia neno moja, "Tiketi." Alinijibu kwa kichwa kwamba amenielewa kabisa, akaishika tiketi ile juu tena, na akauimba ubeti upya, safari hii akiwahimiza watu wote waitikie. Waliitikia. Nilipogeuka, Bi Jirani alikuwa akinitazama bila kupepesa.

Nilijaribu tena, kwa noti ya elfu moja, na kwa sentensi ndefu zaidi. Nilimwambia mwimbaji kwamba tiketi ile ni yangu na naihitaji kesho. Kati ya akodiani na vigelegele alisikia neno kesho, akalichukua, akalitia katika wimbo, na umati mzima wa Ngome Kongwe ukaarifiwa kwamba huyo jirani anaondoka kesho, saa tatu na nusu, maana saa nayo alikuwa ameisoma. Vijana waliokuwa wamesimama nyuma walianza kupanda na vipande vyao vya karatasi: risiti ya mishikaki ya Forodhani, karatasi iliyofungiwa kashata. Shangazi alipokea pongezi kitini. Mama mmoja asiyemjua alimletea maji.

Kisha Bi Jirani akasimama, na watu wakanyamaza wenyewe. Hakuharakisha. Alitoa noti ya shilingi elfu kumi, akaishika kwa vidole viwili, akapanda ngazi moja moja kwa mwendo wa mtu anayetembea kwake, huku wapiga fidla wakirudia kipande kile kile wakimngojea afike, kwa kuwa hakuna mpiga taarabu atakayemaliza wimbo katikati ya jambo kama hilo. Aliiweka noti ile katika kiganja cha mwimbaji, na kutoka mkono wa pili wa mwimbaji akaichukua tiketi yangu. Aliibusu. Akafungua mkoba, akaitia ndani, akaufunga; na ule mlio wa kufunga mkoba, kwa kuwa mwimbaji aliusogeza mkono wenye kipaza sauti pale pale, ulisikika mpaka Forodhani. Alichosema kwa kitendo kile, Mwalimu alinieleza, ni kwamba zawadi haikataliwi, na ahsante, na mimi ndiye mwenye uamuzi wa kuondoka au kukaa.

Vigelegele vyake vilikuwa vikubwa kuliko vyangu. Nilimtazama Shangazi nikitegemea hasira. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu kama mchezaji wa bao aliyeliwa kete zake kwa ufundi.

"Amejibu," alisema. "Lazima mtu aseme kweli. Amejibu."

Vikundi vingine vilipiga baada ya hapo, kimojawapo kutoka Afrika Magharibi, wenzangu wanasema kilikuwa hodari sana. Mimi sikumbuki hata wimbo mmoja. Nilikuwa nikiutazama mkoba.

Tulirudi Michenzani katika gari moja, kama tulivyokwenda. Wao wawili walikaa nyuma wakikubaliana kwamba fidla ya kushoto ilipotea kidogo kwenye wimbo wa mwisho, na kwamba yule mwimbaji wa gauni la kijani ameongezeka sauti. Safari hii Shangazi ndiye aliyelipa. Mkoba ulikuwa nyuma ya kiti changu, kiasi cha mkono mmoja, na nilipogeuka na kufungua kinywa, Shangazi alinikanyaga mguu kwa nguvu ambazo magoti yale hayakupaswa kuwa nazo.

Ndani ya nyumba alinipa sababu. Mtu aliyetunza fumbo kisha akaenda kuliomba lirudishwe amelifuta, na si lake tu, bali la aliyemtuma, la mama wa aliyemtuma na la chama chake. Alikuwa tayari kuninunulia tiketi nyingine, alisema, lakini noti zake zote zilikuwa zimekwisha kwenye tunzo, na Daktari alipopiga simu huku na huku akaambiwa kwamba boti zote zilikuwa zimejaa watu wa tamasha hadi jioni ya Jumatatu. Mwalimu alipendekeza nikae, akisema Makumbusho sijayaona. Nililala nikiyafikiria mashamba ya Kilosa.

Alfajiri, baada ya adhana, nilitoka kwa kunyatia, viatu mkononi, na kugonga mlango wa pili. Ulifunguliwa kabla sijashusha mkono. Bi Jirani alikuwa amevaa kanga za nyumbani, na nyuma yake meza ilikuwa imeandaliwa: chai ya maziwa yenye iliki, mkate wa kumimina, vitumbua vikitoa mvuke. Vikombe vilikuwa viwili.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Kaa ule."

Nilikula, kwa kuwa katika nyumba ya Unguja hakuna jambo litakalozungumzwa kabla hujala, na kila nilipotupa jicho ukutani kutazama saa aliniongezea kitumbua. Hatimaye nilimweleza yote: noti, mikunjo, aibu ya elfu moja mbele ya wageni, na kwamba sikumaanisha lolote, wala sikujua kama yeye na Shangazi wana neno. Nilidhani ataona raha. Badala yake aliweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza nikamwona amefadhaika.

"Unasema hukukusudia?"

"Hata kidogo, mama."

"Nyamaza." Alikwenda akafunga dirisha. "Mimi jana nimejibu, watu wameona nilivyojibu, leo asubuhi dada yangu kanipigia simu kutoka Pemba ameshasikia. Sasa ikiwa tiketi ilianguka tu mkononi mwa yule mwimbaji, mimi nimemjibu nani? Nimetoa elfu kumi yangu kumjibu mtu aliyesahau kitu mfukoni?"

Sikuwa nimelitazama hivyo. Nilimwomba radhi, lakini radhi haikuwa anayoitaka. Alichotaka, na alinitamkisha polepole mpaka aliporidhika, ni kwamba niseme nilikusudia. Kwamba fumbo lile nililitunga mwenyewe, kwa siku kadhaa, kwa nia ya kumuumiza. Na kwamba lilimuuma. Nilisema. Ndipo alipofungua mkoba akanipa tiketi, sasa ikinukia udi kuliko chetezo, na ina alama ya midomo katika pembe iliyo na jina langu.

"Na mwenzangu asije akasikia hiyo habari nyingine," alisema mlangoni. "Itamuua kwa simanzi." Kisha akanipa bakuli la vitumbua, limefunikwa kitambaa, nimpelekee.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wake, bila shaka tangu nilipotoka. Hakuuliza nilikotoka. Alilipokea bakuli, akaondoa kitambaa, akaviweka vitumbua katika sahani yake, kisha akalinyanyua bakuli lile kwenye mwanga wa dirisha na kulizungusha ukingo wote, inchi kwa inchi, kama nipimavyo mimi kiwanja chenye kesi. Halikuwa na ufa. Aliliweka chini kwa kishindo kidogo.

"Ulimwomba?" aliniuliza.

"Hapana, Shangazi. Amenirudishia mwenyewe."

"Amekuogopa," alisema, na uso wake ukang'aa. "Kula kitumbua, uende."

Bandarini, kijana wa kukagua tiketi aliipokea yangu, akainusa, akaitazama ile alama, akasoma jina, kisha akainua macho. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine. Waliniuliza kama ni kweli kwamba yule mama ameshindwa kulala, nami, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuapa, nilisema nimesikia hivyo. Walinipitisha mbele ya foleni. Daktari na Mwalimu, waliokuwa na tiketi za jioni na hawakuwa na jambo la kuharakisha, walinipungia mikono kutoka nje ya geti wakicheka mpaka boti ikang'oa nanga.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa Kilosa, juani, jicho kwenye darubini ya kupimia, wazee wawili wakibishania mwembe, simu ilipolia. Alikuwa Shangazi. Kuna harusi mwezi ujao Mwanakwerekwe, aliniambia, taarabu usiku kucha, na Bi Jirani ameuliza mara mbili kama nitakuwapo. Nyuma ya sauti yake nilimsikia Bi Jirani mwenyewe akisema aulizwe vizuri, asije akaleta visingizio vya kazi. Nilimwambia nitajitahidi kupata ruhusa.

"Pata," alisema. "Lakini ya boti usije nayo, mwanangu, hiyo wameshaizoea. Ulizia bei ya ndege."